Limi Arudia Kipimo cha Kujithamini

UMOJA WA WAZAZI WA VIJANA VIZIWI, RWAMGASA

Tarehe: Jumamosi, 9 Novemba 2024. Asubuhi ya ukungu baada ya mvua ya usiku. Karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilisikika kwa mbali, kana kwamba zinasaga mawingu.

Mahali: Ghala la zamani la pamba.

Waliohudhuria: Mzee Maganga (Mwenyekiti), Asteria Masele (Katibu), Melania Ndaki na Nasibu (wajumbe), Mwalimu Valerian wa lugha ya alama (mwalikwa), na Limi, binti wa Melania, miaka kumi na tisa.

Hakuhudhuria: Bartholomeo. Lori lake limekwama Isaka.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa. Nasibu aliuliza kama saa ya Mwenyekiti nayo ni kiziwi. Aliombwa aheshimu kikao. Nyuzi za pamba zilizobaki darini zilikuwa zikishuka polepole kwenye mwanga wa dirisha, na wajumbe walizitazama.

KUMB. NA. 2/11/2024: MATOKEO YA KIPIMO
Mwalimu Valerian alieleza kwamba vijana walipimwa wiki iliyopita namna wanavyojithamini, ili apatikane mmoja wa kumsaidia kufundisha darasa la watoto viziwi litakaloanza Januari. Limi, ambaye hakuna anayemfikia kwa lugha ya alama, alikuwa wa mwisho. Kila sentensi aliijibu "hapana", hata ile isemayo "Wenzangu hufurahi nikifika."

Mwenyekiti alisema watoto hawawezi kukabidhiwa mtu asiyejipenda, akapendekeza jina la Limi liondolewe.

Melania alipinga. "Mzee, akiondolewa hapa anarudi kuponda mawe. Tangu mwezi wa sita anajizoeza ualimu kwa kuku wangu."

Nasibu alitaka kujua kama kuku wamefaulu.

KUMB. NA. 3/11/2024: NAMNA KIPIMO KILIVYOFANYIKA
Katibu aliuliza siku ile Limi alikaa wapi. Melania alijibu kwamba alipiga magoti mbele ya Mwenyekiti, kama alivyolelewa. Mwenyekiti aliongeza, kwa kuridhika, kwamba binti hakuinua macho hata mara moja.

Mwalimu Valerian aliuliza, "Sasa mikono yangu aliiona saa ngapi?"

Alikubali kwamba yeye mwenyewe macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya maswali. Melania naye alieleza kwamba alikuwa akimgusa binti bega ili ajibu, na Limi akatia alama kwenye kisanduku cha karibu, ambacho ni cha "hapana".

Limi aliulizwa kwa nini hakusema. Mwalimu alitafsiri jibu lake: "Nilidhani mnanipima adabu."

KUMB. NA. 4/11/2024: KURUDIA KIPIMO
Iliamuliwa kipimo kirudiwe papo hapo, Limi akiwa amesimama. Mwenyekiti aliombwa atoke ili Limi aweze kuinua macho. Alikataa kwa sababu ya kifua na ukungu. Nasibu alipendekeza ageuzie kiti ukutani. Mwenyekiti alisema tangu azaliwe hajawahi kutazamishwa ukuta na mtoto.

"Mzee wangu," Melania alisema, "ni ukuta tu."

Mwenyekiti aligeuza kiti.

Kuanzia hapo hakuna kilichosikika cha kuandikwa, hivyo Katibu aliandika alichokiona. Mikono ya Limi ilipanda na kushuka kwenye mwanga pamoja na nyuzi za pamba, na hakuna uzi uliomgusa. Wakati fulani alicheka. Melania alifuta macho, akasema ni vumbi. Mwenyekiti aliuliza mara kadhaa kama tumemaliza; alikuwa amesahaulika.

KUMB. NA. 5/11/2024: UAMUZI
Mwalimu akiwa bado anajumlisha, Limi alizunguka kiti, akamwamkia Mwenyekiti kwa lugha ya alama, akimtazama usoni. Mwenyekiti alijaribu kuitikia kwa mkono, akakosea. Limi alimshika kidole, akakinyoosha, akamwonyesha arudie. Alirudia, akakosea tena. Akarudishwa tena, mpaka akapatia.

Mwenyekiti alisema "Wabeja," yaani asante, akamwambia Mwalimu akunje karatasi zake. Limi atafundisha kuanzia Januari. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 6/11/2024: KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa 6:40 mchana. Ukungu ulikuwa umekwisha.

Mwenyekiti: Maganga (sahihi)
Katibu: A. Masele (sahihi)

Nakala safi imekamilika usiku huohuo. Katibu alilala saa nne na nusu, baada ya kuijaribu ile salamu gizani na kutojua kama amepatia.