Cherehani Iliyoibwa Ikiwa Kwako

Nyumbani,
Orofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unainamia meza ya kazi kama mtu aliyeangusha sindano? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwachia na ameanza tena kukoroma, kwa hiyo najua amepona kabisa.

Barua yako imenikaa moyoni. Kuvunjiwa duka si jambo dogo. Namshukuru Mungu hukuwemo ndani.

Umeniomba nikuandikie barua kali ya kumnyamazisha yule mama mshonaji, ambaye cherehani yake iliibwa ikiwa kwako kwa matengenezo. Unanijua, sijawahi kuombwa ugomvi nikakataa. Nikaiandika, moto mtupu: mwizi ni mwizi na fundi ni fundi, tena kibao kiko ukutani, kinasema duka halihusiki na mali itakayopotea. Nilipomsomea shemeji yako alisema, "Huyo mama atakuja kuomba radhi yeye!"

Kisha nikarudia barua yako nisije nikakosea. Umeandika mwenyewe kwamba drili yako na mita yako ya kupimia umeme vilipona kwa sababu kila jioni unavifungia kwenye kasha la chuma. Cherehani yake ilikuwa sakafuni, chini ya dirisha la nyuma, lile ambalo nondo yake imelegea tangu mvua zilizopita. Hapo kalamu ikanigomea.

Sheria haimtaki fundi awe malaika. Wezi wakivunja mlango imara wenye kufuli nzima, kosa ni lao. Lakini aliyepokea mali ya mtu aitunze kama mtu makini anavyotunza vyake, na ikipotea, ni juu yake kuonyesha kwamba aliitunza. Wewe utaonyesha nini? Kasha? Kasha ni shahidi wa yule mama, si wako. Na hakuna kibao cha kufuta uzembe.

Alikwambia, "Kibao nimekisoma, fundi. Lakini cherehani nilimpa nani, wewe au ukuta?" Uliniandikia hayo nione ufidhuli wake. Nilicheka, halafu nikamheshimu. Ana sare za wanafunzi za kushona, na shule zinakaribia kufunguliwa.

Kwa hiyo barua ile nimeichana. Usidhani nimekutupa. Ni kwamba nakujua: ukishinda kesi hii kwa maneno yangu, utashindwa kumtazama yule mama usoni, na wewe si mtu wa kuishi hivyo.

Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu. Mwombe wifi cherehani yake, umwazime huyo mama leo sare zisilale. Kisha mpatane namna ya kumlipa yake, kidogo kidogo. Nami nitachangia, na usinibishie. Akikutukana, sikiliza. Kwetu mtu wa kujibu matusi ni mmoja, naye safari hii amekaa upande wa yule mama.

Msalimie wifi na umwombe anisamehe kwa kugawa cherehani yake. Watoto wabusu. Baba mdogo mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Mungu akulindie mikono yako, akurudishie usingizi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukatalia.