Mama Phelista na Firigisi ya Walubengo

Mwaka umekatika, Mama, tangu tukuzike hapa Saboti, na leo tunakuandikia macho yakiwa chini.

Wengi wanakukumbuka kwa kuku uliouza sokoni Kitale. Mteja akilia bei ulimwambia, "Si ufuge wako, bana," halafu unamwongezea mayai. Wanakumbuka pia ulivyoimba kanisani, kwa sauti kubwa kushinda kwaya nzima na nje ya tuni, na hukujali.

Sisi wanao tunakukumbuka kwa Walubengo.

Baba alipofariki, huyu ndugu yake mkubwa alitufukuza kwenye boma la Bungoma. Vitanda vyetu vilitupwa nje mvua ikinyesha. Ulitubeba ukaja huku kulimia watu. Miaka ikapita, akapooza upande mmoja, na watoto wake wakamwacha peke yake. Ukakodi pikapu kwenda kumchukua. Bramwel akakuuliza, "Mama, si ni huyu alitutoa nje?" Ukamjibu, "Ni yeye. Shika miguu."

Ulimwogesha na kumlisha kwa mkono wako, na hakuwahi kusema asante. Ati uji una madonge, ati shuka zinanuka. Ulikuwa unacheka tu: "Shemeji, siku utanyamaza nitajua umekufa."

Kilichotuuma zaidi ni firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na Baba akiwa hayupo tulijua ni ya Bramwel, kifungua mimba wako. Wewe uliiweka kwenye sahani ya Walubengo. Tuliponuna ulituambia, "Nimetafuta kwa Biblia mahali wameandika tupende wote isipokuwa Walubengo. Mkipata mnionyeshe." Tuliitikia amina, tukaendelea kununa.

Mama, hujamaliza hata mwezi kaburini tukamhamishia Walubengo kwenye stoo ya mahindi. Tuliambiana huko kuna joto. Krismasi tukachinja jogoo wako mwekundu, Bramwel akapewa firigisi, na tukampigia makofi.

Mimi Edah ndiye nilimpelekea Baba Mkubwa chakula chake. Alichakura sahani kwa ule mkono mzima, akageuza kila kipande akitafuta firigisi, kisha akaniuliza, kana kwamba bado upo, "Phelista ako wapi? Mwambieni wamenisahau." Nilirudi mezani nikasema amekula vizuri. Sahani yangu niliirudisha jikoni. Na hata hivyo tulimwacha stoo, Mama, tukaendelea kwenda kanisani tukiwa tumevaa vizuri.

Tulipokaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu, jina la Walubengo hatukuliweka kati ya wanaokukumbuka. Bramwel alisoma majina mara mbili. Akasema, "Mama angetuchapa." Halafu akatoka, akaingia stoo, akambeba mgongoni mpaka chumba chako. Walubengo alimtukana njia yote, ati anamtikisa kama gunia.

Jumapili tulichinja. Bramwel alimwekea firigisi mwenyewe. Baba Mkubwa akatafuna, akatafuna, akaitema kwenye kiganja. "Haijaiva," akasema. "Phelista alijua kupika."

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ile ulingoja neno moja zuri kutoka kwa huyu mzee, na limekuja wewe hupo kulisikia. Ndiyo maana tumelileta hapa.

Hatujampenda bado, Mama, hatutakudanganya. Kumwogesha tunapeana zamu na tunakunja nyuso. Utuombee.

Ibada ya kukukumbuka ni nyumbani, na kila atakayekuja atakula. Unakumbukwa na wanao Bramwel na Edah, mkweo Sally, wajukuu, wenzako wa sokoni, na shemeji yako Walubengo, ambaye anasema jina lake lilipaswa kuwa la kwanza.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama. Na firigisi tutajifunza kuivisha.