Chafya ya Mtoto wa Calgary

Mogogosiek, Konoin,
9 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Weldon,

Hamjambo huko? Winny amepata nguvu tangu ajifungue? Na mgeni wetu ananyonya vizuri? Sisi tu wazima, ila jua limekaza, majani ya chai ni machache na ng'ombe wamepunguza maziwa. Mguu wangu umepona, asante kwa kuuliza.

Sasa nikupe ya nyumbani. Siku ile ulipopiga simu ili Mama ataje majina ya marehemu wetu, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya kwa jina alilolikubali, ulikata simu ukidhani mambo yameisha. Huku ndipo yalipoanza.

Mama alitaja Kimeli, jina la Baba. Kimya. Akataja Mosonik, jina la baba mkubwa, na hapo tukasikia chafya. Mama mkubwa Jerusa, mjane wake, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatoka jikoni. Kesho yake, kwenye kituo cha kuuzia majani, alikuwa anawaambia watu kwamba mumewe amehamia Kanada. Hata akiulizwa kwa nini ua wake umeanguka, anajibu kuwa mwenye boma yuko safarini.

Mama hakukubali. Alimwendea Calvince, yule fundi wa simu hapa sokoni, akamuuliza Calgary ni mbali kiasi gani. Calvince akatafuta: kutoka Nairobi ni karibu kilomita elfu kumi na nne, kama kwenda Mombasa kutoka hapa kwetu na kurudi mara tisa. Mama akashangaa ulivyoziruka kazi zote za Mombasa. Ndege ingeenda moja kwa moja, ingechukua kama saa kumi na sita, lakini ya hivyo haipo. Lazima ushuke Ulaya usubiri nyingine, kwa hiyo ni siku nzima na zaidi.

"Ndege na injini yake inafika kesho yake," Mama akamwambia, "sasa chafya ya mtoto mchanga ndiyo itafika hapo hapo?"

Kwa hesabu yake, chafya ilikuwa ya Kimeli, ikachelewa njiani. Calvince alieleza jinsi mitambo ya simu inavyofikisha sauti papo hapo, mpaka akachoka. Mama alimtazama kwa huruma, akamnunulia soda.

Ndiyo maana ameikubali ghafla ile safari aliyoikataa hata baada ya viza kutoka. Anaondoka Alhamisi kuita majina upya, ana kwa ana, na barua hii anakuletea mwenyewe. Ukimwona amenuna, ni kwa sababu nimemkataza kubeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

Weldon, nacheka lakini nina wasiwasi. Tangu tumzike Baba, Mama hakuwa amelitamka jina lake hata mara moja. Siku ile nilikuwa kando yake, na alilitaja kabla ya mengine yote. Anataka sana Baba arudi kwetu kupitia mtoto huyu.

Mume wangu Johana anawasalimu, na binti yetu Chepchirchir pia. Mama mkubwa Jerusa anamsalimu mumewe. Mungu awafunike na amkuze huyo mdogo.

Wewe ndiye uliyempakata, na unajua alipiga chafya kwa jina lipi. Usituambie. Calvince anasema huko kwenu sasa hivi maji yanaganda nje. Basi Mama akifika kwenye jina la Kimeli, fungua dirisha kidogo, baridi imguse mtoto puani, Winny asijue.

Dada yako akupendaye hata ukiwa mbali hivyo,
Rebeccah