Elfu Tatu Waliomcheka Mama Mdogo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukinikemea nitakuwa nimestahili. Mimi ni mhadhiri wa chuo, nimelelewa na mama mdogo, fundi cherehani, tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne. Mwaka juzi nilifanya utafiti kuhusu wanawake wanaovuja mkojo baada ya uzazi, mama mdogo akakubali kuhojiwa, kumbe ameishi na tatizo hilo tangu uzazi wake wa pekee, ambao mtoto hakuishi, nami sikujua, akanieleza yote akiwa ameinamia cherehani bila kunitazama, na jina lake sikulitaja, niliandika kama tunavyoandika sisi watafiti: fundi cherehani, miaka hamsini na nne, mlezi wa mtoto wa dada yake.

Makala ikatoka, ikakaa kimya. Siku hizi tukiomba kupandishwa cheo tunaulizwa makala imetajwa mara ngapi mtandaoni, kuna alama kando yake inayojumlisha kila anayeitaja, yangu ilikuwa nne, wawili wakiwa wanafunzi wangu, basi tamaa ikaniingia, nikachomoa maneno yake nikayabandika mtandaoni pamoja na kiungo cha makala, kazi yake na umri wake: "Nikicheka nalowa, kwa hiyo niliacha kucheka." Kesho yake alama imefika mia tisa, mkuu wa idara akanipongeza, nikaijaza kwenye fomu bila kusoma watu wanasema nini, mpaka ilipogonga elfu tatu ndipo nikasoma, nikakuta vicheko na picha za ndoo, na vyote vimehesabiwa.

Mafundi wenzake walimtambua. Amehamishia cherehani chumbani kwake na mlango anaufunga. Nilipokwenda kuomba radhi alisema, "Nilikuambia wewe, mwanangu. Wao sikuwaambia." Hajasema nami tena. Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa. Niiondoe ile alama kwenye fomu, au yaliyopita si ndwele?

Mtoto wa dada

Mtoto wa dada, pole, naona unaumia kweli. Ila methali hiyo iache, mwenye haki ya kuitumia ni aliyeumizwa. Ulimfunika uso ukamwacha miguu nje: kazi yake, umri wake, na wewe mwenyewe, ambaye jina lako liko juu ya makala.

Ndiyo, iondoe. Iandikie kamati leo kwamba elfu tatu zile ni za watu waliomcheka mgonjwa, na cheo kikikupita, kipite. Futa bandiko lako, waombe wahariri waiondoe kauli ile kwenye makala. Yaliyokwisha kusambaa hayazoleki, kwa hiyo usimdanganye mama kwamba yataisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Nimemuuliza muuguzi, akasema tatizo hili mara nyingi linatibika, na bila shaka hata makala yako imeandika hivyo. Mwaka wa pili huu unajua. Umehesabu wageni wangapi wameyataja maneno yake, na hospitali hujampeleka hata mara moja?

Leo tafuta nafasi kwa daktari. Kesho asubuhi kapige hodi kwenye ule mlango. Asipofungua, kaa hapo nje umngoje, yeye alikungoja ukue. Akifungua, usianze na maelezo wala machozi yako. Mwambie, "Mama, jiandae, daktari anatusubiri." Akikataa, rudi keshokutwa, na siku inayofuata.

Na simu iache nyumbani.