Wanafunzi Wangu Wamemfunga Bendeji Baba ya Nthenya

Shangazi Wilkister, nisaidie kabla mbuzi hawajarudishwa. Mimi naitwa Muthama wa hapa Kitengela, kazi yangu ni kuandika vijitabu vya huduma ya kwanza na kufundisha watu wa makanisa na viwanda namna ya kumshika mgonjwa mpaka ambulansi ifike, na Jumamosi nilipeleka mbuzi wa ntheo kwao Nthenya, huko Kajiado, na sisi Wakamba bila hao mbuzi hakuna mke, sasa kwa kuwa wazee wetu wako mbali Mwingi nilisindikizwa na wanafunzi wangu, waliokuwa wamemaliza kozi juzi tu na wanatamani mgonjwa kupita kiasi, tukala vizuri, halafu Mzee Mulinge, baba ya Nthenya, akajinyoosha kwenye kivuli cha tangi akalala mdomo wazi, na kijitabu changu kinasema mtu akiitwa asipoitika ahesabiwe amezimia, mwanafunzi wangu Evalyne akamwita, kimya, kumbe Mzee akishiba haitikii mtu, kabla sijamaliza soda walikuwa wamemvua viatu, wamemfunga bendeji shingoni, wameng'oa mlango wa choo wakamlaza juu yake kama machela, Mzee akaamka akipiga kelele, "Niacheni! Mnanipeleka wapi?" wao wakaambiana, "Amechanganyikiwa, kaza!" na mimi, sijui nilipatwa na nini, nilisimama mbele ya wageni nikasema, "Vizuri sana, lakini fundo likae kando," nikalirekebisha mwenyewe. Mzee amesema nikachukue mbuzi wangu. Nthenya bado ananitaka lakini anamwogopa baba yake, nami nampenda sana, nifanye nini?

Muthama, Kitengela

Muthama, nimecheka mpaka mhariri akaja kuniangalia. Sasa nikuulize: ulienda kuoa au kusahihisha mtihani? Mtu anayeuliza anapelekwa wapi ni mzima, hiyo hata mimi najua na sijasoma kozi yako. Na nani alikudanganya kwamba ntheo hupelekwa na wanafunzi? Pole, naona moyo unakuuma, lakini aibu ilimwangukia Mzee, nyumbani kwake, juu ya mlango wa choo chake.

Mbuzi usiwachukue. Ukiwachukua umekubali yameisha. Mtoe mjomba wako Mwingi, mnunulieni Mzee blanketi nzito, muende wawili tu. Evalyne abaki Kitengela. Mlango uurudishe kwa mikono yako. Usieleze kijitabu kinasema nini. Sema, "Baba, nilikukosea," unyamaze, akutukane mpaka achoke, kisha mjomba aongee. Binti yake umempenda kweli, basi mwonyeshe baba kwamba unaweza kukaa karibu naye bila kumshika.

Akikohoa, mwache akohoe.