Shaba Katika Damu

Kalemie, Machi 1978

Kwako Yaya Edmond, kaka yangu mukubwa, huko Kongolo,

Mimi mudogo wako Lambert nakusalimia sana. Mama anatembea vizuri tena, na muke wangu Claudine amekutumia ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa mukono wa Papa Emile wa gari-moshi.

Unajua kazi niliyoanza chuoni: kutafuta dawa inayoikamata shaba pande zote, kama vidole vinavyoshika jiwe, na kuitoa mu damu ya muntu aliyedhurika. Mwaka huu imefaulu kwa panya. Kwa furaha nikasimulia watu.

Jumanne kapteni mumoja wa jeshi akaingia mu labo yangu, pale ninapochanganya dawa. Aliinua chupa ya bluu, akauliza kwa upole:

"Profesa, kama unajua kutoa madini mu damu, unajua na kuyaingiza, bila munganga kuona?"

"Hapana, kapteni. Mimi natafuta kuponya."

"Nitarudi Ijumaa. Ufikiri vizuri. Bibi yako njo Claudine, si ndiyo?"

Yaya, sikungoja Ijumaa. Nimemwaga chupa zote, na karatasi zangu tumezichoma mu jiko. Claudine alinishika mabega tukiangalia zinavyoungua.

Leo muchana tunapanda meli ya Kigoma, kama watu wanaoenda kununua vitenge. Mama amekataa kuondoka. Nakuomba uje umuchukue haraka. Na muntu akikuuliza mudogo wako alifanya kazi gani, sema nilikuwa nafundisha watoto hesabu.

Anayekupenda, na anayeogopa,
Lambert