Kilimia Juu ya Foleni

Dada Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka Bujumbura. Mimi mzima, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Huu ni usiku wa tatu nalala ndani ya lori, kwenye foleni ya mafuta hapa mtaa wa Asiatique, maana ukiondoka tu nafasi yako imekwenda. Mchana jua kali, alfajiri kipupwe kinaingia mpaka mifupani.

Leo umeme ulikatika mtaa mzima. Kabla ya adhana ya alfajiri nikashuka kujinyoosha, nikakuta mbingu imejaa nyota kama kwetu Ujiji. Nikakitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota, upande wa milima, nizihesabu nyota zake kama tulivyokuwa tukishindana uani, wewe saba, mimi sita. Nikaona ukungu mdogo, basi. Nikasema kwa sauti kwamba ni vumbi la kiangazi.

Dereva wa lori la mbele, mtu wa Bwiza, alikuwa amesimama hapo kajifunika blanketi. Akainua kichwa. "Vumbi iko wapi, kaka? Mbingu iko safi. Mi naona sita."

Nikafumba jicho moja, kisha la pili. Ukungu uleule. Nikamwambia hata mimi naona sita.

Kurudi nitaendesha mchana tu, tajiri mwenye lori agombe asigombe. Mama akikuomba umsomee kadi hii, ishia pale kwenye habari za foleni. Nawapenda wote. Na kesho alfajiri ukitoka uani, dada yangu, hesabu na zangu.

Mdogo wako,
Hamisi